Supavaiza aliyeacha kazi Agosti: uchambuzi wa kisa cha hoteli moja ya Nungwi

Katikati ya Agosti, hoteli ikiwa imejaa mpaka vyumba vya akiba, supavaiza wa usafi wa vyumba alimpa mwenzake bahasha, sare mbili zilizopigwa pasi na shada la funguo, akamwomba avifikishe ofisini. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya mistari miwili: anaacha kazi, na anaomba alipwe kilicho chake. Alikuwa na miaka tisa katika hoteli ile. Aliingia akiwa mtandika vitanda, akapanda mpaka akawa anasimamia watu 16. Faili lake halina hata onyo moja.

Mwenye hoteli alikuwa na hakika kwamba kuna hoteli ya jirani iliyomnyakua. Alimpigia simu mwenyewe, akamwongezea mshahara kwa asilimia 20 hapo hapo, akakataliwa kwa adabu. Hapo ndipo aliponitafuta. Kazi yangu ni kuwashauri waajiri juu ya mambo ya wafanyakazi, na swali aliloniletea lilikuwa fupi: amekwenda wapi, na kwa nini pesa haikumrudisha?

Pande zote mbili zimeniruhusu kukiandika kisa hiki bila majina, na alama chache nimezibadilisha ili watu wasitambulike. Nakiandika kwa sababu Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na nyuma ya kila kitanda kilichotandikwa yupo mtu mwenye nyumba yake, wazee wake na watoto wake. Maslahi ya watu hao tunayazungumza kwa mshahara tu, basi. Mshahara ni jambo kubwa, sikatai. Lakini katika kisa hiki kilichomvunja mtu kilikuwa kitu kingine, nacho kinaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko asilimia 20 ya mshahara.

Siku yake

Anaishi Magomeni ya mjini Unguja, pamoja na watoto watatu na mama yake mzazi mwenye sukari na presha. Mumewe ni fundi wa mitambo katika boti, siku nyingi analala Dar es Salaam. Gari la wafanyakazi humpitia saa 11 alfajiri, kwa hiyo yeye huamka saa 9 na nusu, akaandaa chai, akapika cha mchana cha mama, akapanga dawa kwenye kisahani na kuziandikia saa zake. Kutoka mjini mpaka Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, ni karibu kilomita 60. Gari hupita Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni likiokota watu, na saa 1 kasorobo wako getini.

Kazi inaanza saa 1 asubuhi kwa kupitia orodha: vyumba vya wanaoondoka, vya wanaobaki, vya wanaoingia. Chumba cha anayeondoka lazima kiwe tayari ifikapo saa 8 mchana, na hakuna kinachopewa mgeni kabla supavaiza hajakipitia, kuanzia chini ya kitanda mpaka nyuma ya choo. Saa 8 na nusu zamu ya kwanza inakwisha. Saa 11 na nusu jioni inaanza nyingine, ya kuandaa vyumba kwa usiku: kushusha vyandarua, kukunja shuka, kubadilisha taulo. Inakwisha saa 2 usiku. Msimu wa wageni alikuwa akizifanya zote mbili. Gari la mjini linaondoka saa 2 na nusu, na yeye alikuwa anaingia ndani kwake kiasi cha saa 4 usiku.

Kwa hesabu ya ofisi, hizo ni saa 10 za kazi. Kwa hesabu yake ni saa 17 nje ya nyumba. Zile saa tatu za katikati, kuanzia 8 na nusu mpaka 11 na nusu, hazilipwi na hazina mahala. Kurudi Magomeni hawezi. Hukaa kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, akaweka kichwa mezani.

Ukizidisha saa 10 kwa siku sita unapata saa 60 kwa wiki. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefanya kazi kiasi hicho hatari yake ya kupata kiharusi inakadiriwa kuwa juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo juu kwa asilimia 17, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hatari hiyo hujengeka kwa miaka, haiji kwa wiki mbili za pilikapilika. Lakini Julai na Agosti za huyu mama zilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, na Disemba hadi Februari hali kadhalika.

Nilidhani nimeshapata jibu. Nilipokwenda kumwona nyumbani, nikamkuta hakuanza na saa hata kidogo.

Ofu tatu

Alianza na ofu. Kila mfanyakazi alikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki, na rosta ilikuwa inabandikwa Jumapili jioni kwa wiki inayoanza Jumatatu. Maana yake ni kwamba Jumapili usiku ndipo unapojua kama Jumanne ni yako. Na hata ikiwa imeandikwa, ujumbe wa grupu la WhatsApp unaweza kuingia saa 3 usiku: fulani na fulani ofu zao zimesogezwa, kesho waingie. Anayechelewa kujibu anatajwa jina mbele ya wote. Ofu ilikuwa kama deni la duka: imeandikwa daftarini, kulipwa ni suala jingine.

Ya kwanza iliyosogezwa msimu ule ilikuwa siku ya mama yake kwenda kliniki Mnazi Mmoja. Alimwomba wifi yake ampeleke. Wifi alimpeleka, lakini hakujua dawa ipi ilibadilishwa mara ya mwisho, na mama akarudi na maelezo nusu.

Ya pili ilikuwa harusi ya mtoto wa kaka yake. Yeye ndiye aliyekuwa akusanye michango ya wanawake na kusimamia mapishi. Alipata ujumbe usiku wa kuamkia siku yenyewe. Alifika harusini saa 4 usiku akiwa na sare ndani ya mkoba, watu wanaosha vyungu.

Ya tatu ilikuwa msiba wa khalati wake, yaani ndugu wa kike wa mama yake, na hapa mazungumzo nayaweka kama alivyoyasimulia yeye, na kijana wa ofisi ya utumishi aliyekuwa upande wa pili wa simu aliyathibitisha.

"Dada, pole sana. Nasikia umefiwa. Aliyefariki ni mama?"

"Mama yupo, alhamdulillahi. Ni khalati. Ndiye aliyenilea."

"Allah amrehemu. Sasa dada, kwenye fomu khalati hayumo. Kuna mama, baba, mume au mke, na mtoto. Nitakukatia siku moja ya likizo yako ya mwaka uzike, ila kesho kuna kundi la vyumba 18 linaingia."

"Mdogo wangu, keshokutwa ndiyo khitma."

"Naelewa, dada. Na mimi naambiwa."

Alikwenda kazini siku ya pili ya tanga. Alipitisha vyumba 18. Siku ya khitma, wakati wanawake wa ukoo wamejaa nyumbani wanasoma, yeye alikuwa ghorofa ya pili anahesabu taulo za pwani. Wiki ile ile aliandika ile barua ya mistari miwili.

Kijana wa utumishi simlaumu. Alikuwa na fomu mkononi na meneja nyuma yake. Ninachokiona ni kwamba fomu ile iliandikwa na mtu asiyejua msiba wa kwetu unavyokwenda. Mwanamke wa Kiunguja kazi yake katika msiba iko nyumbani, si makaburini: kupokea watu, kupika, kukaa na wafiwa mpaka siku ya tatu. Kumpa siku moja "akazike" ni kumpa siku isiyomfaa na kumnyima zinazomhusu. Na kukosekana kwake hakuishii kwa aliyekufa. Wanaohudhuria wanaona nani yupo na nani hayupo, na akifiwa yeye kesho hilo litakumbukwa. Kuna watu wa mahoteli ambao mitaani kwao wameanza kuhesabiwa kama wageni. Hasara hiyo haiandikwi katika hati ya mshahara, lakini kwetu mtu akiugua, akioa au akikwama ada ya skuli, anashikwa mkono na watu hao hao.

Mkubwa wa watoto wake, msichana wa kidato cha pili, aliongeza jambo nililolitafakari sana. Alisema mama yake alikuwa akirudi anawakagua. Anatazama kitanda, anatazama beseni, anatoa amri fupi fupi, analala. "Anasema na sisi kama watu wa kazini." Mwaka 1985 Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza kwamba kazi na nyumba hugongana kwa njia tatu: muda, pale saa moja inapotakiwa sehemu mbili, uchovu, pale kazi inapomaliza nguvu zote, na mwenendo, pale tabia inayotakiwa kazini inapoharibu nyumbani. Mahoteli huitazama ile ya kwanza tu, tena kwa shingo upande. Mtoto huyu alikuwa anaishi ndani ya ile ya tatu. Uongeze hapo tabasamu. Arlie Hochschild alionyesha mwaka 1983, kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege, kwamba kumwonyesha mteja uso wa furaha siku nzima bila kujali moyoni mna nini ni kazi kamili, na inachosha kama kubeba mizigo. Mama wa watu amefiwa, na mlangoni anatakiwa aseme "Jambo, karibu" na meno yaonekane.

Kwa nini pesa haikumrudisha

Mwenye hoteli alikuwa mtu wa kujali, na nasema hivyo kwa kumaanisha. Kila mwisho wa msimu anachinja ng'ombe, wafanyakazi wanakula biriani na kucheza mpira pwani. Kuna mfanyakazi bora wa mwezi. Mwaka ule alimleta mtu azungumze nao juu ya afya ya akili. Yote hayo ni mazuri, na wafanyakazi wanayapenda. Lakini hayagusi pale panapouma, kwa sababu hayabadilishi nani mwenye amri juu ya Jumanne ya mfanyakazi.

Robert Karasek aliandika mwaka 1979 kwamba kazi nzito peke yake si ndiyo inayomlemea mtu zaidi. Linalolemea ni kazi nzito inayokwenda pamoja na uwezo mdogo wa kuamua: mzigo mkubwa, sauti ndogo. Supavaiza wetu alikuwa na mzigo mkubwa miaka yote tisa na hakulalamika. Kilichobadilika miaka miwili ya mwisho, tangu grupu la WhatsApp lianzishwe, ni kwamba ule uwezo mdogo wa kupanga maisha yake ulikwisha kabisa. Zamani, akishatoka getini, hakuna wa kumsogezea ofu. Hoteli ilibidi ipange mapema kwa sababu haikuwa na njia ya kumpata. Simu iliiondolea hoteli ulazima wa kupanga.

Nikamwonyesha mwenye hoteli kifungu kimoja cha Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, ambao umeandikwa mahususi kwa ajili ya mahoteli na mikahawa. Unasema wafanyakazi wajulishwe ratiba zao za kazi mapema kiasi cha kutosha kila inapowezekana, ili waweze kupanga maisha yao na ya familia zao. Pendekezo namba 179 la mwaka huo huo linataka zamu zinazokatwa katikati ziondolewe hatua kwa hatua. Sikumletea kama rungu la kisheria. Nilitaka aone kwamba wataalamu wa kazi walikaa, wakaitazama sekta yake yeye, wakaona kidonda kile kile alichokilalamikia mama wa Magomeni.

La kisheria lilikuwapo pia. Mkataba wa ajira wa hoteli hii ulinakiliwa kutoka hoteli ya Bara na ulikuwa unataja sheria ya ajira ya Bara ya mwaka 2004. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Huku inayotumika ni Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, na ndiyo ya kutazamwa kwa saa, mapumziko, likizo na malipo ya muda wa ziada. Nimeukuta mkanganyiko huu mara nyingi kwa mameneja wanaohamia kutoka ng'ambo ya bahari, na unapaswa kusahihishwa kabla ya jambo jingine lolote. Mfanyakazi mwenye shaka na mkataba wake aende Kamisheni ya Kazi, au kwenye chama chake cha wafanyakazi. Kwa mahoteli hapa kipo CHODAWU-Z.

Wanaolala hotelini

Pamoja na hayo, kuna kundi jingine, ambalo bila ya kulitazama kisa hiki kitasomwa vibaya.

Karibu nusu ya wafanyakazi wa hoteli ile wametoka Bara na wanalala kwenye vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya jiko. Kwa meneja, hawa ndio wafanyakazi wazuri. Wakiitwa wanakuja. Hawana khitma, hawana harusi, hawana kliniki ya mama, au ndivyo inavyoonekana, kwa sababu mama zao wako Tanga na Dodoma na wanaugua kwa simu. Mfanyakazi wa mjini akilinganishwa nao anaonekana mvivu, mwenye visingizio, na maneno ya "Wazanzibari hawapendi kazi" yanapata pa kuota mizizi. Nimechoka kuyasikia maneno hayo.

Nilizungumza na watano kati yao. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anapumzika. Siku ya ofu mtu amelala, mlango unagongwa: njoo tu mara moja, chumba cha tano maji hayatoki. Mmoja alinieleza kwamba siku zake za ofu huondoka alfajiri akaenda kukaa Mkokotoni mpaka jioni, hana shughuli yoyote huko, ili asionekane tu. Kwa hiyo walioko mjini walikuwa wananyimwa nyumba zao, na walioko hotelini walikuwa hawana pa kutokea. Rosta ni moja, na iliwagonganisha watu ambao shida yao ni moja.

Na kulikuwa na kundi la tatu, wenyeji wa Nungwi na Kendwa. Hao ile zamu iliyokatwa katikati waliipenda. Saa 8 na nusu mtu yuko kwake kwa miguu, anakula na watoto, anasali, anatwanga usingizi, saa 11 na nusu anarudi. Zamu inayomvunja mgongo mtu wa Magomeni ndiyo inayomfaa mtu wa Nungwi. Sijui hoteli ngapi zimewahi kuuliza wafanyakazi wao wanalala wapi kabla ya kupanga zamu. Hii haikuwa imeuliza.

"Wageni hawaji kwa rosta"

Ndivyo alivyonijibu mwenye hoteli, na hoja yake inastahili jibu, maana mameneja wengi watasema vilevile.

Tulikaa na orodha za uhifadhi wa vyumba za Julai na Agosti, tukazilinganisha na zile jumbe za usiku. Katika usafi wa vyumba, wanaoingia na wanaoondoka walikuwa wakijulikana wiki mbili kabla, isipokuwa wachache. Hata lile kundi la vyumba 18 lilikuwa limeshalipa tangu Mei. Kilichokuwa hakitabiriki ni mahudhurio ya wafanyakazi: leo wawili wameleta karatasi ya daktari, kesho watatu. Tulipozipanga karatasi hizo kwa tarehe, nyingi zilianguka kwenye siku za harusi, za khitma, za mikutano ya wazazi skuli. Meneja alisema, basi ni waongo. Mimi naona hivi: ukimfungia mtu milango yote ya kuomba siku na ukaacha mmoja tu wazi, wa ugonjwa, atapita humo. Akipita, mwenzake anaitwa usiku kuziba pengo. Na yule aliyeitwa wiki ijayo naye anaumwa. Dharura za hoteli zilikuwa zinazalishwa na rosta yenyewe.

Hoja hiyo ndiyo iliyombadilisha. Mambo yaliyokubaliwa yalikuwa machache.

Rosta inabandikwa Alhamisi, ya wiki mbili mbele. Ofu iliyokwisha bandikwa haiguswi, ila mwenyewe akikubali kubadilishana na mwenzake, na wote wawili waandike. Kwa pengo la ghafla kuna watu wawili wa akiba kila siku, majina yao yamo kwenye rosta, na wanalipwa posho hata wasipoitwa. Hilo la posho lilibishaniwa sana. Nilishikilia kwamba mtu anayekaa na simu mkononi akisubiri amekwisha toa sehemu ya siku yake. Baada ya saa 2 usiku hakuna ujumbe wa kazi kwenye grupu. Wa akiba wanapigiwa simu. Anayelala hotelini akiwa ofu, mlango wake haugongwi. Zamu ya jioni wamepewa wenyeji wa Nungwi na Kendwa walioitaka, na watu wa mjini wanafanya zamu moja iliyonyooka, gari likawa linaondoka saa 10 na nusu alasiri pia.

Kwenye msiba, tulifuta orodha ya jamaa. Mfanyakazi ana siku tatu za msiba kwa mwaka na yeye ndiye anayesema nani ni wake. Meneja aliogopa watu watawaua mashangazi wasiokuwapo. Tangu ianze, siku zilizochukuliwa ni chache kuliko alivyohofia, na wengine wamezihifadhi, hawazigusi, kwa sababu kila mtu anajua siku ya kuzihitaji kweli itafika.

Karatasi za daktari zimepungua. Bado ni miezi michache, na msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, kwa hiyo sitaki kuzipa uzito zaidi ya huo.

Yeye hakurudi. Amepata kazi ya kusimamia usafi wa ofisi mjini, kwa mshahara ulio chini ya ule wa zamani, achilia mbali ule wenye nyongeza. Nilimuuliza kama hajuti. "Hela inapungua, na naiona inavyopungua," alisema. "Lakini mama nampeleka kliniki mwenyewe, na daktari ananijua jina." Haki zake zote amelipwa, pamoja na muda wa ziada wa miaka miwili ambao ulikuwa haujaandikwa popote isipokuwa kwenye daftari lake.

Yaliyobaki mezani

La kwanza ni masika. Aprili na Mei hoteli hupunguza watu na kuwapa likizo bila malipo. Huko nyuma meneja alikuwa akiihesabu miezi hiyo kama mapumziko ya wafanyakazi: wamechoka Agosti, watapumzika Aprili. Mtu asiye na mshahara miezi miwili hapumziki. Anatafuta kibarua, anakopa, anaanza Juni akiwa na deni. Nimependekeza sehemu ya saa za ziada za msimu wa wageni ziwekwe akiba na kulipwa masika kwa anayetaka. Mwenye hoteli anazifanyia hesabu.

La pili ni Ramadhani, na hili si la hoteli moja. Mwezi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Kwa miaka kadhaa ulikuwa ukiangukia Machi na Aprili, wageni wakiwa wanapungua, na mahoteli yalizoea kwamba saumu na msimu havikutani. Mwaka 2026 ulianza Februari. Mwaka 2028 unatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari, na 2030 tutakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza mwisho wa Disemba. Yaani kwa miaka mingi ijayo watu watafunga katika wiki ambazo vyumba vimejaa. Zamu ya jioni inayopita juu ya magharibi, gari la mjini linalomkuta mtu Kinyasini wakati wa futari, anayeamka daku saa 10 na kuingia kazini saa 1: yote hayo yanahitaji rosta nyingine kabisa, nayo iandikwe miezi kabla.

La tatu ni jiko. Wapishi bado wanafanya zamu iliyokatwa katikati, na wapishi sita kati ya tisa wanatoka mjini. Mpishi mkuu anasema chakula cha mchana na cha usiku hakiwezi kupikwa na timu mbili kwa idadi ya watu aliyonayo, na kwa hesabu aliyonionyesha ana haki. Ameomba wapishi wawili zaidi, pamoja na chumba chenye vitanda kwa ajili ya zile saa tatu. Chumba kimekubaliwa. Wapishi wawili bado hawajaidhinishwa.